Shemeji Profesa na Chumba cha Nyuma

Jumamosi ya pili ya Machi, mwaka wa tatu tangu Babati iwe makao ya mkoa. Mawingu yamekaa juu ya Mlima Kwaraa tangu asubuhi, meusi kabisa, na mvua haijashuka. Ni upepo tu, na vumbi la barabara mpya inayochongwa kwenda maofisini linaingia mpaka kwenye sufuria.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, na chini yake nikaongeza: "Leo nimekasirika mpaka kuandika kumenishinda. Nitaandika kesho nikitulia." Kesho yake sikuandika, wala kesho kutwa. Miaka imepita sasa, na kila nikiisogelea habari hii naona bado ina moto. Sina hakika kama mtu wa darasa la saba ana haki ya kumkasirikia profesa. Lakini nikinyamaza itabaki ile aliyoiandika yeye peke yake, na yeye aliiandika vizuri sana.

Profesa ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Nianze na sifa zake, maana anazo, na sitaki mtu aseme nilimpiga kwa upande mmoja.

Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama kule milimani Mbulu kama watoto wote, akafaulu, akasoma shule ya kanisa, akaenda chuo cha theolojia, akabarikiwa kuwa mchungaji. Usharika wake wa kwanza ulikuwa juu kabisa, mahali pa ukungu, ambapo sufuria ya chai hupoa ukiwa bado unaishika. Huko ndiko alikoanza ugomvi wake na metimani.

Nieleze kidogo, maana wageni waliohamia hapa mjini kwa kazi za serikali na biashara hawalijui neno hili. Kwetu sisi watu wa milimani, mwanamke akijifungua mtoto asiye hai, nyumba yake huingia metimani. Yaani hutengwa. Hachangii moto na jirani, haingii nyumba ya mtu, hateki maji wanapoteka wengine, hali chungu kimoja na watu. Hata kwa mama yake mzazi haendi. Zamani ilifika hata mwaka. Wazee watakwambia siyo adhabu. Kifo kimemshika mtu, wanasema, na asiyetengwa atakipeleka kwa wenzake. Makanisa yalipigana sana na jambo hilo, na wazee wenyewe nao wakaona limezidi, wakalipunguza. Hapa Babati, miaka hiyo ninayoisimulia, wengi walikuwa wanakaa ndani mpaka mchungaji afanye sala ya kumaliza msiba, basi, maisha yanaendelea.

Shemeji alipokuwa mchungaji kijana aliingia mchana kweupe kwenye nyumba ya mwanamke aliyetengwa, akaketi, akanywa uji kwenye kibuyu chake. Wazee walikataa kumpa mkono msimu mzima. Jumapili alihubiria mabenchi na wanawake wachache. Hakurudi nyuma. Mimi wakati huo nilikuwa mke mpya katika ukoo, na nakumbuka nilivyojivunia. Nilisema moyoni, huyu ndiye atakayetufungulia milango.

Kanisa likampeleka Ulaya. Alikaa miaka, akatutumia picha amesimama kwenye theluji na koti lisilo lake. Utafiti wake wa kwanza, alivyotueleza aliporudi, ulikuwa juu ya unajisi katika kitabu cha Walawi na maombolezo ya watu wetu, viwili hivyo amevilaza pamoja kama mtu anayepima vitambaa. Alirudi na kitabu cha Kiingereza kizito kama tofali. Baadaye akaandika cha Kiswahili, akatupa nakala, na hicho nimekisoma chote, kurasa nyingine mara mbili, nyingine nikiwa sielewi. Kina sura nzuri kuhusu Yesu kugusa jeneza la kijana wa Naini. Sura hiyo niliwasomea akina mama wa jumuiya yetu, wakalia.

Lakini kadiri alivyopanda, mwalimu msaidizi, mhadhiri, daktari, mwishowe profesa, mawazo yake yaligeuka. Akaanza kuandika kwamba wamisionari walikataza kabla ya kuuliza. Hilo ni kweli. Akaandika kwamba mwanamke aliyefiwa kule milimani hakulazimishwa kulima wala kupikia wageni wala kumchekea mtu. Jamii ilimpa kimya chake. Hilo nalo lina ukweli. Mama yangu mdogo aliwahi kuniambia kuwa mwaka wake wa metimani ndio mwaka pekee katika maisha yake ambao mgongo wake ulipumzika. Kwa hiyo sisemi alidanganya. Akawa anaalikwa nchi nyingi kusema juu ya "theolojia ya kimya," na sisi huku tukawa tunaonyesha wageni vitabu vyake kwenye kabati la vyombo.

Mwishoni mwa Januari mwaka huo mke wa kijana wetu alijifungua hospitali, na mtoto hakulia. Sitasema mengi juu ya siku hiyo. Kijana wetu alikuja kutoka Mererani anakochimba, akazika, akakaa siku chache, akarudi machimboni. Mwiko haukumfuata chini ya ardhi.

Nyumbani kwetu Maisaka tulikuwa mimi, mume wangu mwenye mashine ya kusaga, mkwe wangu huyo, na mama mkwe wangu, ambaye wote tunamwita Bibi. Chumba cha mbele upande wa barabara tulimpangisha dada mmoja kutoka Kilimanjaro, karani katika ofisi mpya za mkoa. Bibi ni mtu wa zamani, amebatizwa akiwa mtu mzima, na moyo wake una vyumba viwili. Mchungaji wa usharika alikaa naye, wakazungumza kwa lugha yetu taratibu, akakubali. Sala ikafanyika. Mkwe wangu akatoka, akaanza kufagia uwanja, akaanza kula na sisi. Siku moja nilimsikia akicheka na mpangaji kwa sababu kuku alikuwa ameingia ndani ya ndoo. Niliacha kupepeta nikasikiliza tu kile kicheko.

Ndipo shemeji akaja likizo, na kinasa sauti.

Alikuwa anaanza kitabu kingine na alitaka sauti za wazee. Akaanza na mama yake, jambo la haki kabisa. Waliketi barazani, mimi nachambua maharage karibu, nasikia kila neno.

"Mama, zamani mtu angekaa muda gani?"

"Mpaka wazee waone imetosha."

"Na watu waliona ni mzigo?"

"Watu waliona ni adabu."

"Mama, haya unayosema ni theolojia kubwa. Ndiyo ninayofundisha chuoni. Wazungu wanakuja kuyasikiliza."

Bibi alimgeukia. "Wazungu waliotukataza?"

"Wajukuu wao."

"Kwa hiyo tulikuwa sahihi."

"Mlikuwa na hekima, mama. Hatukupaswa kuiacha kirahisi vile."

Maneno hayo tu. Hakuinua sauti, hakupiga meza. Alibonyeza kile kidude kikazima, akaomba chai.

Asubuhi yake mkwe wangu alimpelekea Bibi kikombe kama kawaida. Bibi hakukipokea. Alikiangalia kikikaa hewani mpaka binti akakiweka chini, na bado hakukigusa. Kisha akaniita.

"Tulimtoa mapema."

"Bibi, mchungaji alisali."

"Mchungaji ni kijana. Mwanangu ni profesa, anawafundisha hao wachungaji. Amesema ilikuwa hekima." Akaona uso wangu, akalainisha sauti. "Mwanangu, mimi nimezika watoto wengi kuliko wewe. Sina ubishi. Nina hofu."

Hapo nilishindwa kumchukia, na sijui kama ningeweza. Mtu akikwambia ana hofu utamjibu nini? Nilikwenda kwa mume wangu, akasema ni mama yake, tuvumilie wiki moja atasahau. Hakusahau. Binti akahamishiwa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea magunia, akapewa sahani yake, kikombe chake, jagi lake, na jiko lake dogo la mkaa ili asichukue moto wetu. Nilimwekea godoro na kumtundikia chandarua. Bibi mwenyewe alimpelekea blanketi lake zito, akaliacha mlangoni. Hakuwa na ukatili. Hilo ndilo lililokuwa gumu, kwamba hapakuwa na mtu mkatili wa kumshika shati.

Wiki ya kwanza sahani ilirudi nusu. Halafu ikawa inarudi na ugali mzima, umekauka juu na kupasuka. Nilikuwa nasimama mlangoni na kuzungumza naye. Siku moja aliniambia, bila kulia, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, nikienda kwetu watanifungia. Nikibaki hapa nimeshafungiwa. Sijui nisimame wapi." Shingo yake ilikuwa imekwisha. Niliogopa tutampoteza, na siyo kwa kukimbia. Kuna watu hufa bila ugonjwa. Wanaacha tu kula, na watu wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Mpangaji wetu naye alikuwa anaona kila kitu, maana uwanja ni mmoja. Jioni moja aliniuliza, anafua, hanitazami.

"Mama, samahani, huku kwenu mtu anafungwa kwa kufiwa?"

"Hafungwi. Anakaa."

"Mimi nikikaa huwa nasimama nikitaka."

Nikaanua khanga zangu kwenye kamba, nikaingia ndani.

Na shemeji? Alikuwepo. Alikuwa analala chumba cha wageni, kinachopakana na kile cha nyuma. Asubuhi anakunywa chai uwanjani, anaandika, anakwenda kuwahoji wazee wa mjini, anarudi. Alijua. Alikuwa anauliza maswali: anapewa nini, nani anampelekea, maji yake yanamwagwa wapi. Mimi nilimjibu yote, nikidhani mtu anayeuliza hivyo anatafuta njia ya kumtoa.

Tufike kwenye Jumamosi ile. Usharika ulimwomba atoe mhadhara kwa wachungaji, wainjilisti na viongozi wa vikundi, nami nilikwenda kama kiongozi wa akina mama. Ukumbi ulijaa. Alizungumza vizuri, sitamnyima hilo. Alieleza habari za rafiki zake Ayubu walioketi naye chini kwa kimya, na kwamba walianza kukosea pale walipofungua midomo. Watu wakacheka. Akaeleza kitabu cha Walawi, akaeleza wazee wetu. Kisha akavua miwani.

"Hapa hapa mjini," alisema, "yupo binti mmoja ambaye wiki hizi anaketi katika kimya hicho. Hakulazimishwa na mtu. Familia yake imempa nafasi ambayo hospitali haikumpa, wala sisi kanisa. Nimeketi karibu na mlango wake, nikasikia amani."

Ndipo hasira iliponipanda. Amani gani? Mimi nilikuwa nimesikia kwenye mlango ule mtu akikwaruza ukuta kwa kucha. Yeye aliketi uwanjani na chai yake na mandazi niliyomkaangia, akasikia kimya, akakipa jina. Na hilo la "hakulazimishwa" alilitamka kwa sauti nzuri kabisa, ya kusomea Injili.

Mwanamke aliyekaa nyuma yangu aliniinamia sikioni. "Siyo mkwe wako huyo?"

"Ndiye."

"Kumbe mmemweka. Sikujua."

Hakuwa amejua yeye, wala hawakujua wengi. Baada ya mhadhara kulikuwa na chakula, wali na nyama, na wanawake tunakula pamoja kwenye mabenchi yale marefu. Hawakunifukuza. Watu wetu hawana tabia hiyo. Mmoja alikumbuka amesahau kitambaa, mwingine akaenda kusaidia kupakua, mwingine akasogea kumpisha mtu ambaye hakuja. Nikabaki na benchi langu. Shemeji, aliyelala nyumba ile ile na kunywa maji ya mtungi ule ule, alikuwa meza ya mbele na sahani yake ilijazwa mara mbili. Mwiko unajua kusoma vyeo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na hasira yangu. Njiani nilijaribu kuwa mwenye haki. Nilijiambia, hakutaja jina. Nilijiambia, labda mimi ndiye sielewi, mambo ya chuo kikuu yana maana nyingine. Nilijiambia mpaka nikafika getini, na haki ikaishia hapo.

Shemeji alinikuta jikoni nje, naunga maharage. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepigiwa makofi.

"Shemeji, mhadhara umeuonaje?"

"Nimeuona mrefu."

Alicheka. Mimi na yeye tuna utani, shemeji kwa shemeji, tangu ujana. "Haya, nipe makosa yangu."

"Umesema hakulazimishwa. Nani amekwambia?"

"Mama amenieleza vizuri kwamba…"

"Mama ndiye aliyemweka. Unamwuliza mwenye ng'ombe kama ng'ombe anaipenda kamba?"

Alikaa kwenye kigoda. Akaacha kucheka, hilo nalo nimpe. "Mimi sikuamuru kitu, shemeji. Mtafiti haingilii jambo analolichunguza."

"Uliingilia siku uliposifu."

"Kusifu siyo kuamuru."

"Kwa mtu mwingine, sawa. Wewe ni mchungaji na ni profesa na ni mtoto wake wa mwisho. Ukisema kitu ni hekima, mama yako anasikia amri. Alikuwa ameshamtoa. Alikuwa anapokea chai mkononi mwake. Wewe ukaja na kidude chako."

Alitazama maharage kwa muda. "Hilo sikulifikiria," alisema. Naliandika kwa sababu alilisema, na watu wengi wa cheo chake wasingelisema.

"Basi mwambie iishe."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Shemeji, sisi wachungaji tumewaambia wazee wetu wanyamaze tangu tuvae kola. Mama yangu kwa mara ya kwanza amesikia kwamba alichokijua kilikuwa na thamani. Niende leo nimwambie nilikuwa namtania? Nitakuwa sawa na wale waliomkataza."

"Na yule aliye ndani, mdomo wake nani ameuwekea kinasa?"

Alisogeza kigoda chake kutoka kwenye moshi. Nikaendelea.

"Ile sura ya jeneza la Naini umeifuta?"

"Sijaifuta. Nimeiongezea."

"Umekwenda kumsalimu?"

"Nimemsalimu kwa mbali."

"Wewe ni baba yake mdogo. Baba mdogo anasalimu kwa mbali?"

Hapo aliinamisha kichwa, na jibu lake ndilo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. Alisema, "Jumatatu nina wazee wa kuwahoji Mutuka, na wengine Singe. Nikiingia mle, na wakasikia, hawatanipokea majumbani mwao. Kazi yote itaharibika."

Kwa hiyo alikuwa anajua bei ya metimani. Aliijua vizuri kuliko sisi sote, na akawa anaikwepa. Kitabuni ni pumziko, mhadharani ni amani, lakini yeye mwenyewe hakutaka jambo hilo limguse hata kwa salamu, lisije likamharibia Jumatatu. Mtu yule yule aliyekunywa uji kwenye kibuyu cha mwanamke aliyetengwa, wakati hana digrii hata moja, wakati kupoteza watu kulimaanisha kulala njaa. Nilitamani kumwambia hayo. Badala yake niliinjika sufuria ya ugali. Labda ni afadhali, maana ningesema na mengine yasiyo ya haki.

Nikasonga ugali. Nikapakua maharage kwenye bakuli, nikaweka ugali kwenye sinia moja, nikachukua na maji ya kunawa, nikaenda chumba cha nyuma, nikaingia. Siyo mlangoni. Ndani, kwenye godoro.

Mkwe wangu alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, unafanya nini?"

"Nawa tule."

"Mama, utafungiwa na wewe."

"Basi watakuwa wamemfungia mpishi."

Alinitazama muda mrefu. Kisha midomo yake ikafanya kitu, siyo kicheko, lakini kilikuwa kimepita karibu na kicheko. Akanawa. Tonge la kwanza alilishika tu. Nikala langu, nikachovya, nikala jingine. Akala. Tulikula bila kusema, na nilisikia taya zake, na sikuwahi kufikiria kwamba sauti ya mtu anayetafuna inaweza kumtuliza mtu kiasi hicho.

Ni mimi ninayepika nyumba ile. Wote walilijua hilo, lakini sidhani kama kuna aliyekuwa amelifikiria mpaka nilipotoka na lile sinia, binti yuko nyuma yangu amejifunga khanga, tukaketi kwenye mkeka uwanjani. Mimi sasa nilikuwa kama yeye. Chungu changu kilikuwa kama chake. Ama wale nilichopika, ama walale hivyo.

Mume wangu aliingia getini saa hiyo, ana unga kwenye nyusi kama mzee. Akasimama. Akamwona binti, akaniona, akamwona mdogo wake amekaa kwenye kigoda kama mtoto aliyechapwa.

"Umekula naye?" aliniuliza.

"Nimekula."

Aliangalia mlango wa mama yake. Ulikuwa wazi nusu. Najua alichokuwa anakipima, na namheshimu kwa kukipima. Ni mama yake. Kisha akajipangusa nyusi.

"Mimi nina njaa," alisema. "Nipakulie."

Baba mkwe hali sahani moja na mke wa mwanawe, hiyo ni adabu yetu na sina ugomvi nayo. Nilimpakulia sahani yake pembeni. Lakini chungu kilikuwa kimoja, na alikula mbele ya mlango ule ulio wazi nusu, bila haraka.

Mpangaji alitoka na bakuli lake la kachumbari. "Naona leo chakula ni cha wote," alisema, akakaa bila kukaribishwa. Wachaga wana uhodari wa namna hiyo.

Shemeji alinyanyuka akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kufunga begi lake. Alirudi mikono mitupu, hana kalamu, hana kidude. Akamkaribia mkwe wangu.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Ahsante. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akanigeukia. "Niwekee na mimi."

Nilimwekea. Sikumwekea kwa moyo mweupe. Watu niliowasimulia husema alitubu, tena vizuri, yamekwisha. Mimi sioni kwamba mtu anastahili kusifiwa kwa kula ugali nyumbani kwa kaka yake. Jumatatu alikwenda Mutuka, na mzee mmoja, aliyekwisha kusikia, alimwekea kiti nje na kuongea naye akiwa amesimama mlangoni. Hilo shemeji ameliandika kitabuni. Nimelisoma. Ameandika pia kwamba "mwanamke mmoja wa nyumba ile alivunja mwiko kwa hasira." Kweli tupu. Kilichonikasirisha hakukiandika, wala hakuandika kwamba binti alikuwa ameshatoka kabla yeye hajaja. Msomaji wa kitabu kile ataona metimani iliyokuwepo tangu zamani na mwanamke mkali aliyeivunja. Hataona mgeni aliyekuja na kinasa sauti akaiamsha. Nilimwandikia kumwuliza. Alinijibu kwa upole kwamba mtafiti hajiweki mwenyewe katikati ya utafiti. Sijui. Labda ndivyo wanavyofundishwa. Mimi naona alikuwa katikati kabisa, na sisi ndio tuliokuwa pembeni.

Alibaki Bibi.

Aliniita kutoka ndani, jioni imeshaingia. Nikasimama mlangoni kwake, sikuvuka kizingiti, kwa kumheshimu.

"Nani amepika?"

"Mimi, Bibi."

"Umekula naye kwanza, au umepika kwanza?"

"Nimepika, nikala naye, nikapakulia wengine."

Alihesabu jambo moyoni. Uwanjani mkwe wangu alikuwa ameanza kukusanya vyombo, vyote kwenye karai moja, na Bibi alikuwa anamwona kupitia mlango. Nilijiandaa kwa neno lolote. Kama angesema arudi chumba cha nyuma, nilikuwa nimeshaamua tutarudi wawili.

"Amekula?" aliuliza.

"Amekula. Amemaliza."

"Amemaliza," alisema na yeye, taratibu. Ugali alikataa, alisema hana njaa ya ugali. "Niletee maziwa."

Maziwa, kwa mtu wa umri wake, ndiyo ya mwisho kabisa kupokelewa mkononi mwa mtu aliye metimani. Nilimimina kwenye kikombe chake, nikamletea. Aliutazama mkono wangu, akanitazama mimi. Hakusema kwamba imekwisha. Alipokea, akanywa.

Tulikula ugali wa mahindi, maharage yaliyoungwa kwa karanga, na kachumbari ya mpangaji. Bibi alikunywa maziwa mgando kikombe kimoja, akaomba nusu nyingine, na hiyo nusu aliipokea mkononi mwa mkwe wangu.